Mchaichai Usionukia

"Mchaichai!"

"Majani!"

"Nshasema mchaichai, Abdulhakim. Mie ndiye niliyeupanda, mie ndiye ninayeuchemsha. Wewe utajuaje?"

"Mama, na mie nimeunywa. Mwaka mzima nimeunywa. Maji ya moto na sukari, basi. Mchaichai gani haunukii?"

Bi Mwanapili akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa kwenye mkeka natunga asmini. "Mashavu, hebu mwambie huyu mtoto."

Huyo mtoto ana miaka arobaini na sita, ana upara na watoto wanne, lakini mbele ya mamaake alikuwa amesimama kama anayengoja kuchapwa. Nikainamia sindano yangu. Siku ile tundu la sindano lilikuwa dogo sana.

"Mie macho yangu mabovu," nikasema.

Abdulhakim akang'oa jani moja, akalifikicha viganjani, akampelekea mamaake puani. "Nusa."

"Nna mafua."

"Basi nusa wewe, Bi Mashavu."

"Mafua nimeyachukua kwake."

Akalitupa jani. Akasema kwa upole, na upole wake ndio uliotutisha, kwa sababu Abdulhakim akipaza sauti huwa hajaamua bado. "Nimezungumza na Msabah, fundi. Jumamosi alasiri anakuja kupima. Uwanja wote tunatia matofali ya pevingi, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Majani yamefika kiunoni, mama. Juzi nyoka katoka humu, kaingia jikoni, kalala nyuma ya friji. Nikuachie asmini yako, au nikuepushe na nyoka? Ukitaka kupanda tutakununulia ndoo. Panda kwenye ndoo."

Neno la nyoka lilimpita Bi Mwanapili. Neno la ndoo ndilo lililomkaa.

Anayeshangaa mtu mzima kuumizwa na ndoo hamjui Bi Mwanapili. Kazaliwa Jongowe, kisiwani Tumbatu, pahala ambapo udongo unakaa kwenye vitundu vya mawe, na mtu akipata tundu la kutosha miche mitatu ya mtama anahesabiwa tajiri. Akaolewa na marehemu Kheir, akaletwa mjini, akatiwa Michenzani, ghorofa ya nne. Mie nilikuwa mlango wa kulia. Pale tulikaa miaka thelathini na moja, naye miaka yote hiyo hakuwa na ardhi hata ya kuzika kuku. Akapanda kwenye makopo. Kopo la siagi, kopo la maziwa, debe la mafuta, sufuria iliyotoboka. Kila akienda shamba kwa watu, maziko au harusi, anarudi na udongo ndani ya mkoba, chini ya leso, na kupanda nao ngazi. Wenzake wanarudi na embe, yeye anarudi na udongo.

Roshani yake ilikuwa na makopo mia moja na kumi na saba. Nimeyahesabu mimi, sikusoma lakini kuhesabu vya mwenzangu najua. Ilifika wakati jumba likaanza kuinama upande wetu. Mtu akitia chai kikombeni inamwagikia upande wa Bi Mwanapili. Mjerumani mmoja mzee, katika waliolijenga, kaja toka kwao na timazi yake, kapima chini, kapima juu, kapanda mpaka roshani ya Bi Mwanapili, kayaona makopo. Akaomba kikuba kimoja, kishada cha asmini na mrehani, cha kumpelekea mkewe, akaenda zake. Na mrehani ule! Marubani walikuwa hawatazami taa za uwanja wa ndege. Wakisikia harufu ya mrehani wanajua washafika Unguja, wanateremsha magurudumu.

Basi Abdulhakim alipojenga Kiembe Samaki, na mie nikahamia kwa binti yangu nyumba ya pili, Bi Mwanapili hakuingia ndani kutazama vyumba. Aliingia uwanjani. Akavua makubadhi, akasimama juu ya udongo kwa miguu mitupu mpaka ikaadhiniwa magharibi. Siku ya pili yake akaanza. Asmini kando ya ukuta, mkadi pembeni, kilua karibu na tangi la maji, mrehani kila penye nafasi. Hakuna biharusi wa mtaa ule aliyetoka bila ya kikuba cha Bi Mwanapili kifuani, na wanaume wengine walidai kuwa walichagua mke kwa harufu, wakamkosea, wakampata shangazi yake.

Huo ndio uwanja ambao Abdulhakim alitaka kuufunika.

Bi Mwanapili akainua kidevu. "Jumamosi, ukikuta hata jani moja la hayo, tia matofali yako na mie sisemi neno."

"Hata jani moja?"

"Moja."

Abdulhakim akaondoka akiwa kashinda, na mie moyo wangu ukaingia mchanga. Kwa sababu majani yale nimeyaleta mimi.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi. Bi Mwanapili kaniletea futari, mhogo wa nazi na changu wa kuchoma, kwenye bakuli lake la buluu. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Ukiwa huna pilau unatia tende, huna tende unatia sukari, huna sukari unatia japo chumvi na ndimu. Mie siku ile nilikuwa sina kitu, binti yangu kasafiri na ufunguo wa kabati. Bakuli limekaa kwangu siku tatu linanitazama. Siku ya nne nimekwenda Tunguu kumtazama mjukuu wangu Yusra, anayesoma chuo kikuu, na nikiwa nangoja gari nikaona kando ya njia kichaka cha majani marefu, mabichi, yamesimama wima kama mchaichai. Nikasema alhamdulillahi. Nikachimbua na kibonge chake cha udongo kwa kijiko nilichokuwa nacho mkobani, nikakitia bakulini. Sikunusa. Nilikuwa nimefunga, na mwenye kufunga hana haja ya kunusanusa barabarani.

Bi Mwanapili akapokea. Akaupanda kwa bismillahi. Baada ya mwezi akaniita kunywa chai yake. Nikapiga funda. Haina harufu, haina ladha, ni maji yaliyopita karibu na majani. Nikasema: "Tamu, shoga." Ungesema nini?

Na kila aliyekuja kasema hivyo hivyo. Imamu kasema tamu. Mwalimu wa madrasa kasema inashusha presha. Mama mmoja wa Mbweni kaomba mche, kapewa miwili, na hivi sasa sijui nyumba yake iko wapi ndani ya majani. Watu wa kwetu hawamwambii mtu mzima chai yake haina ladha. Kwa adabu hiyo mche ule ulikaa, ukanenepa, ukaanza kutembea.

Ulitembea chini kwa chini. Leo unauona kwenye tangi, kesho umetokea kwa kuku. Ulipita chini ya msingi ukachomoza sebuleni ndani ya kochi, na mgeni aliyekalia akawa anaaga mara mbili mbili hasemi kwa nini. Ulitoboa viazi vitamu ukavitunga kama shanga. Kufika kiangazi, asmini ilikuwa inakauka mguuni, na mrehani umebaki majani manne.

Abdulhakim alijaribu, simsingizii. Kaulima kwa jembe mara tatu, kwa nguvu zote. Kila akilima, wiki ya pili yanarudi mengi zaidi. Mwisho akayatia moto. Yakawaka vizuri, na mvua moja tu ikaja, yakatoka mabichi kama zulia la msikitini. Ndipo akaenda kwa Msabah.

Jumatano asubuhi tukamwita Jaku. Jaku ni mtu wa Makunduchi, mzee mwenzetu, anatunza bustani ya hoteli moja mjini, na anasema na majani kuliko anavyosema na mkewe. Akaja na mtaimbo begani.

"Nasikia mna mchaichai."

"Tunao," akasema Bi Mwanapili.

Jaku akachuma jani, akalinyanyua juani. "Bi Mwanapili, tazama huu mstari mweupe. Mchaichai mstari wake uko kati na kati. Huu umekwenda pembeni, kama mtu aliyechana nywele njia ya upande." Akashika shina. "Mchaichai huku chini mnene, umejifunga kama kitunguu. Hili jembamba. Fikicha. Unanusa nini?"

"Nna mafua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi," nikasema mie.

Bi Mwanapili akanitazama, nikatazama kuku.

Jaku akatia mtaimbo ardhini, akaukandamiza, udongo ukafumuka. "Na mchaichai ukichimba unaona ndevu tu, zimekaa hapo hapo, haziendi pahala. Sasa oneni huyu." Akavuta taratibu. Ukatoka mzizi mweupe, una pingili pingili kama muwa wa mtoto, na nchani umechongoka kama sindano ya kushonea magunia. Umepitia ndani ya mzizi wa mkadi, ukatokea upande wa pili.

"Kila pingili ni jicho," akasema. "Ukikata vipande kumi, umezaa watoto kumi. Nani alilima hapa kwa jembe?"

"Abdulhakim."

"Basi hakulima, kapanda. Na moto?"

"Katia."

"Moto kwake huyu ni futari. Vya juu vinaungua, yeye yuko chini kajilaza, na wenzake wote waliokuwa wakimtilia kivuli wamekufa."

Bi Mwanapili akauliza neno moja tu. "Yatatoka kabla ya Jumamosi?"

Jaku akajikuna shingo. "Mtakayoyaona mtayatoa. Msiyoyaona yatachomoza baadaye. Nikikwambia jengine nitakuwa mwongo. Mwaka mzima, kila wiki unapita na macho yako, ukiona ncha unaitoa na mzizi wake, ndipo useme yamekwisha. Lakini Jumamosi mnaweza kuupata uwanja mtupu."

"Mtupu unatosha."

Tukaanza. Jaku akafumua udongo kwa mtaimbo, sisi tukafuata kwa vidole, tukiufuata mzizi kama mtu anayefumua nywele zilizosukwa, bila ya kuukata. "Usivute kwa hasira," Jaku akawa anasema. "Ukikatika, jiandikie deni la miezi sita." Udongo wote tukauchekecha kwa chekeche, vipande vidogo tukaviokota kimoja kimoja. Hatukuvitupa jaani, maana kule vingeota vikatuangalia. Tulivipandisha juu ya mabati ya jiko, vikaanikwa juani mpaka vikavunjika kama bajia za jana.

Penye asmini mtaimbo haukuingia. Pale Bi Mwanapili alikaa kitako siku mbili na kijiko cha chai na sindano ya kushonea vikuba. Alikuwa anautoa mzizi wa adui katikati ya mizizi ya asmini, unyuzi kwa unyuzi, na midomo yake inatembea. Nilidhani anasoma aya. Nikamsogelea, nikasikia anayatukana majani kwa Kitumbatu, na mie nayajua machache, nikarudi nyuma kwa heshima.

Upande wa kuku yalikuwa mazito mno. Jaku akasema yakatwe chini kabisa, yafunikwe kwa tabaka mbili tatu za maboksi na nailoni nyeusi juu yake, na mawe, jua lisiyaone miezi na miezi. Bi Mwanapili akitaka baadaye apande matembele, yatambae yafunge kivuli, kwa sababu hayo majani yanachokichukia kuliko chote ni kukosa jua.

Ijumaa nikakamata mzizi mmoja mnene karibu na ukuta. Nikavuta, ukaja. Nikavuta tena, ukaja, pima moja, pima tatu, pima kumi. Nikapita nao mlangoni, nikavuka njia, nikafika dukani, bado unakuja. Ghafla ukakaza. Nikavuta, nikavutwa. Kumbe kuna mtu upande wa pili, huko Tunguu nadhani, naye kaukamata wake anasafisha shamba. Tukavutana mpaka adhana ya alasiri, mwenzangu akaachia akaende kusali, nikaanguka chali. Jaku alisema ni uongo wangu. Lakini Jaku alikuwa kaenda kunywa maji.

Jumamosi adhuhuri uwanja ulikuwa mtupu, ukiacha nailoni ya upande wa kuku. Udongo mwekundu, mwororo, umetandikwa kama kitanda cha biharusi, na kando ya ukuta asmini imesimama imekonda, lakini imesimama. Jaku akaaga, akapewa kikuba cha mkewe. Tukakaa mkekani, kucha zetu nyeusi, tukingoja.

Wa kwanza kuja alikuwa Msabah fundi, peke yake, na kamba na vijiti vyake. "Shikamooni."

"Marahaba."

"Abdulhakim yuko njiani. Kasema nianze kupima." Akachomeka kijiti cha kwanza, akanyoosha kamba, akainua macho. Akaona mabati. "Bi, hivyo juu ya jiko ni vitu gani?"

"Mizizi," nikasema. "Tumeanika."

Akaegemeza ngazi, akapanda, akashika mmoja. Akashuka haraka kuliko alivyopanda, na ile kamba akaanza kuizungushia mkononi.

"Mbona unakunja?" akauliza Bi Mwanapili.

"Bi, mie haya nayajua. Kuna bwana mmoja nilimtilia matofali juu yake. Matofali mazuri, nimeyashindilia mwenyewe. Mwezi wa pili yametoboa kwenye maungio, kama sindano kwenye kitambaa. Mwezi wa nne yamenyanyua matofali, bwana kajikwaa, kavunjika jino. Kanipeleka kwa sheha! Nimetolewa mbele ya watu kama mwizi. Tangu siku ile, penye majani haya mie siweki hata kokoto."

"Lakini tumeyatoa," akasema Bi Mwanapili. "Tazama. Hakuna hata moja."

"Ya juu. Na ya chini?" Akang'oa kijiti chake. "Upite mwaka mzima pasichomoze ncha, hapo nitakuja. Ikichomoza moja, tunaanza kuhesabu upya. Nitampigia Abdulhakim mwenyewe. Kwaherini, bi."

Akaenda. Tukasikia pikipiki yake inakata kona.

Tukatazamana pale mkekani kama watoto waliovunja kitu na hakuna aliyewauliza. Bi Mwanapili ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka bila ya sauti, mabega tu, machozi yakamtoka, akayafuta akajitia udongo shavuni. "Mwaka mzima, Mashavu."

"Mwaka mzima."

Akapitisha mkono juu ya udongo, pale alipokaa, kama anayepapasa mgongo wa mtoto. Mkono ukasimama. Akachimba kidogo kwa kidole, akatoa kipande cha pingili, cheupe, hakizidi kidole cha shahada, na ncha yake hai. Kimetupita siku nne zote.

"Kipeleke mabatini," akasema.

Nikakichukua. Sikuinuka.

"Mwanapili. Fundi kasema nini? Ikichomoza moja, wanahesabu upya."

"Basi?"

"Basi mwakani, siku kumi kabla, ikichomoza moja?"

Akaelewa, maana uso wake ulikunjana. "Toba! Nimekaa na kijiko siku mbili mgongo umekatika, leo unataka nimtie mezani nimkaribishe?"

"Sisemi uwanjani. Kopo moja, nyuma ya choo, chini ya kopo kigae asipenye. Akae huko, kama mlinzi. Mwaka ukikaribia, unachomeka unyasi mmoja karibu na mlango, mwanao anauona, unalia kidogo, unaung'oa. Mwaka mwengine huo."

"Akipenya?"

"Hapenyi."

"Huyu katoboa mkadi, Mashavu! Akipenya, asmini inakwenda."

"Na mwanao hakuahidi kitu; akiisha kabisa, sementi inakuja, asmini inakwenda vile vile. Chagua."

Akaninyang'anya ile pingili. "Maneno unayo. Na ungenyamaza, kwa sababu aliyeniletea haya ni wewe."

Nikajaribu kushangaa. Nimeshangaa vizuri maishani mwangu, lakini mara ile haikutoka. "Mie?"

"Kwenye bakuli langu la buluu. Mwaka juzi, Ramadhani kumi na nane."

"Ulijua?"

"Nililinusa jani ulipokuwa hujafika mlangoni kwako."

"Na ukalipanda?"

"Ningelitupaje? Lilikuja na udongo, Mashavu. Kibonge kizima, cheusi, cha Tunguu. Mie sijapata kutupa udongo wa mtu."

Hapo nikaikumbuka chai. "Sasa na ile chai? Mwaka mzima umeninywesha chai ile, kila asubuhi, vikombe viwili, na ulijua?"

"Ulisema tamu."

"Mwanapili!"

"Siku ya kwanza nilingoja useme. Ukasema tamu, shoga. Nikasema, haya, na anywe."

"Na Imamu?"

"Imamu bahati mbaya."

"Laana ya Mungu... na mie nilikuwa naamka usiku mara tatu kwa chai ile! Kidini hii ni dhambi, kumnywesha mtu majani kama ng'ombe."

"Dhambi ni kumrudishia mtu bakuli na balaa ndani yake. Na kama ni kopo, kopo utaleta wewe, na choo ni cha nyumba yako, si yangu."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Sijasema nakubali. Nasema, hii pingili mie..."

Mlango wa uwani ukagonga ukuta. Abdulhakim, viatu vya kazini miguuni, simu bado mkononi inamulika. Akatazama uwanja, akatazama mabati, akatutazama sisi.

"Assalaamu alaykum."

"Waalaykumu salaam," tukaitika pamoja, kwa sauti ya wanawake wawili waliokuwa wakizungumzia dagaa, na Bi Mwanapili, pingili haipo tena mkononi mwake, akainama kulikaza fundo la pindo la kanga yake.